Watu wa Tororo Si Maskini Wetu



Mwezi uliopita, wakati wa chai, ndugu mmoja wa kazini alituuliza neno mbele ya watu. Alisema, "Ninyi wa nyumba ile ya Makadara, twasikia kila mara mnapeleka pesa Uganda. Watoto wenu hapa hawana viatu vizuri vya shule, kodi ya nyumba mnalipa kwa kuchelewa kama sisi sote, na bado mnalisha watu wa nchi nyingine. Je, mmekuwa wafadhili?" Watu wakacheka, nasi tukacheka, kwa maana ndugu huyu ni mcheshi wala hakusema kwa ubaya. Lakini hatukumjibu siku ile kwa sababu king'ora kilikuwa kimelia. Leo twaomba nafasi katika gazeti hili tumjibu, tena wengine wasome, maana tumesikia kwamba katika mkutano wa tawi liko shauri la kukusanya nguo kuukuu zipelekwe kwa jamaa za wafanya kazi wa reli walio ng'ambo ya Malaba. Shauri hilo nalo tuna neno juu yake.

Kwanza ijulikane kwamba hatupeleki pesa kila mara. Mara nyingi hatuna.

Urafiki huu ulianza kabla sisi hatujazaliwa. Babu yetu aliajiriwa na East African Railways and Harbours, ile reli moja iliyofanywa mwaka 1948 kwa kuunganisha reli ya Kenya na Uganda na reli ya Tanganyika, akapelekwa kufanya kazi katika stesheni ya Tororo. Tororo ndipo njia inapogawanyika, moja ikienda Jinja na Kampala, na nyingine ikienda Mbale na Soroti mpaka kaskazini, kwa hiyo kazi ya kupanga mabehewa ilikuwa nyingi, hasa usiku. Mwenzake wa zamu alikuwa kijana wa rika lake, mwenyeji wa pale, ambaye katika nyumba yetu hakuitwa jina lingine ila Mzee wa Tororo. Waliishi nyumba za reli zilizopakana, na jiwe kubwa la Tororo lilikuwa mbele yao kila waamkapo. Lugha yao ilikuwa Kiswahili, kile cha reli, kisicho na adabu nyingi. Baba yetu alizaliwa pale pale babu akiwa kazini, na aliyempokea duniani ni mama mzazi wa Mzee wa Tororo. Babu alipata habari asubuhi alipotoka zamu. Mtu akituuliza watu wale ni nani kwetu, twaona afadhali tuanzie hapo.

Vijana wengi hawajui ya kuwa siku zile hapakuwa na tajiri na maskini kati ya mtu wa Tororo na mtu wa Nairobi. Mwajiri alikuwa mmoja na kitabu cha sheria za kazi kimoja. Shilingi nayo ilikuwa moja, ya Afrika Mashariki, mpaka mwaka 1966 nchi hizi zilipoanza kutoa kila moja noti zake. Babu akipungukiwa alikopa shilingi kumi kwa mwenzake, na mwenzake akipungukiwa alikopa kwa babu, wala hakuna aliyegeuza noti kutazama ni ya nchi gani. Na tukisema kweli, Wakenya ndio waliokuwa wakiitazama Uganda kwa kutamani. Waliotaka elimu ya juu walikwenda Makerere. Umeme wa lile boma la Owen Falls pale Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954, ulipita kwenye nyaya kutoka Tororo ukaja mpaka Nairobi. Babu alipenda sana kuwaambia majirani neno hilo jioni taa zikiwaka: "Huo ni moto wa kwetu Tororo." Yeye alizaliwa Nyanza, lakini alisema kwetu.

Basi umaskini ulifika lini? Haukutoka kwa Mungu, wala watu wale hawakuwa wavivu. Mwaka 1970 serikali ya Uganda iliwatoa maelfu ya wafanya kazi Wakenya katika nchi ile. Babu alikuwa amekwisha hamishiwa Nairobi, lakini binamu yake alikuwa bado Kampala, akaondoka na mke na watoto na furushi moja. Vitanda vyake na cherehani vilikaa miezi minne katika nyumba ya Mzee wa Tororo, kisha vikaja kidogo kidogo, na cherehani ile ingali inashona mpaka leo. Januari 1971 Amin akatwaa nchi. Mwaka 1972 akawafukuza Wahindi, maduka na viwanda vikapewa watu wasiojua kuviendesha, na baada ya muda mfupi chumvi, sukari na sabuni vikawa vitu vya kutafutwa usiku. Mzee aliandika katika barua moja kwamba nyumbani kwake kipande cha sabuni kinakatwa kwa uzi ili kila mtu apate chake.

Barua zile tunazo katika sanduku la bati. Nyingi hazina stampu, kwa sababu zilichukuliwa mkononi na magadi wa treni. (Wakubwa wa posta watusamehe, wahusika wote wamekwisha kufa.) Nyanya yetu alifunga chumvi na sabuni katika magazeti, akampa gadi, na gadi akirudi alikuja na mfuko wa ufuta, au wimbi, au karanga. Angalieni sana jambo hili, kwa maana ndilo tunalotaka kulisema leo. Hata katika ile miaka mibaya kabisa mfuko haukurudi mtupu. Nyanya alipomwandikia asijisumbue kurudisha kitu, Mzee alijibu kwa ukali kwamba kama karanga zake hazitakiwi, basi na sabuni ibaki Nairobi.

Miaka hiyo hiyo wako watu wa upande wetu waliotajirika kwa shida ya Uganda. Wazee wa Bungoma wanaikumbuka Chepkube, soko la kahawa ya magendo iliyovushwa mpaka ikauzwa kwa bei ya Kenya. Watu walijenga nyumba za mawe kwa kahawa ile, wakanunua magari. Hatujasikia hata siku moja mtu akiwauliza wao kama wanalishwa na Uganda.

Mwaka 1976 Amin alisema sehemu kubwa ya nchi yetu ya magharibi ni mali yake, na wafanya kazi wa bandari ya Mombasa wakakataa kugusa mizigo iendayo Uganda. Babu aliunga mkono mgomo ule, akasema mkutanoni kwamba ni haki. Jioni alikwenda nyumbani akafunga sabuni. Wenzake wengine walimwona kama mtu wa maneno mawili, na habari hii iliwagawanya kwa muda. Sisi twaona hakuwa na maneno mawili. Mgomo ulikuwa juu ya mtu mwenye bunduki aliyetaka kuchukua nchi. Mzee wa Tororo hakutaka nchi ya mtu, alitaka kuoga.

Mwaka 1977 Jumuiya ikafa na reli ikakatwa vipande vitatu. Marafiki wale wawili wakawa watumishi wa serikali mbili, na kila mmoja akavaa kofia yenye herufi zake. Mwaka 1987 serikali mpya ya Uganda ilibadili noti, ikaondoa sifuri mbili, tena ikakata sehemu 30 kwa kila 100, na akiba aliyoiweka Mzee kwa miaka yote ya kazi ikawa kiasi cha kununulia baiskeli. Leo shilingi moja ya Kenya yabadilishwa kwa zaidi ya 20 za Uganda. Ni shilingi zile zile zilizokuwa sawasawa mfukoni mwa babu na mfukoni mwa mwenzake, nazo hazikutengana kwa sababu mmoja alifanya kazi zaidi ya mwingine.

Sasa tunafika mwaka 2008, na hapa twaomba wasomaji wetu wasiharakishe.

Mnajua yaliyotupata baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Shangazi yetu alikuwa ameolewa karibu na Eldoret, na nyumba yao ikachomwa. Barabara ya kuja Nairobi ilikuwa imefungwa kwa mawe na mapanga. Akachukua watoto wanne, akaelekea upande uliokuwa wazi, akavuka Malaba pamoja na maelfu ya Wakenya wengine. Walilala katika shule na chini ya miti, na baadaye serikali ya Uganda na Umoja wa Mataifa wakawapeleka kambi ya Mulanda, huko huko wilaya ya Tororo. Shangazi hakufika Mulanda. Alikuwa na neno moja tu kichwani, jina la Mzee wa Tororo, akalitaja kwa mwendesha baiskeli, na mwendesha baiskeli akampeleka. Mzee alikuwa hai bado, macho yamepungua. Shangazi akaeleza yeye ni binti ya nani. Mzee akaita watu wa nyumba yake akasema, "Mtoto wa landi amerudi."

Alikaa kule miezi mitano. Sisi hapa Makadara hatukuweza kumpelekea kitu, kwa sababu baba yetu alikuwa ameachishwa kazi pamoja na wengi mwaka ule wa 2006 reli za Kenya na Uganda zilipokodishwa pamoja kwa kampuni ya watu binafsi. Na mkumbuke jambo jingine. Januari ile ile vijana wetu waling'oa reli pale Kibera. Mafuta hayakupita, na Kampala petroli ikapanda bei mpaka ikawa kama dawa. Kwa ugomvi wetu watu wa Uganda walilipa nauli zaidi, wakakosa vitu madukani, na katika hali hiyo wakaongeza sahani tano mezani. Tulipouliza ni deni gani, Mzee alisema vitanda vya mwaka 1970 hakuwahi kudai kodi yake, basi akianza kudai ataanzia huko.

Hesabu za wataalamu zinasema pato la mtu mmoja Kenya ni kama mara mbili ya lile la Uganda. Hatubishi. Lakini Uganda hiyo hiyo imekaribisha wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, kutoka Sudan Kusini, Kongo na kwingine, kuliko nchi yoyote nyingine ya Afrika, na wengi wamepewa hata mashamba ya kulima.

Tumeandika mazuri, yatupasa tuandike na kosa letu. Mzee alifariki mwaka 2011, na urafiki ukawa mikononi mwa mwanawe, naye alikuwa mtu wa reli kama baba yetu. Shule za Uganda zilifungwa kwa ajili ya korona tangu Machi 2020 mpaka Januari 2022, karibu miaka miwili. Mjukuu wake wa kike, mtoto mwenye akili nyingi, alikuwa ameanza kuuza ndizi barabarani, na shule zilipokaribia kufunguliwa babu yake alituandikia kwa simu, kwa aibu, akiomba tumsaidie karo ya muhula mmoja. Sisi tulikwisha rudi kazini, mshahara ulikuwapo. Tukapeleka. Lakini tulipeleka vipi? Tulimwambia atume risiti ya shule. Kisha tukataka picha ya mtoto akiwa amevaa sare. Kisha mmoja wetu, ambaye hatutamtaja kwa sababu ni sisi, aliandika kwamba pesa hizi si za kununulia vitu vingine. Tulikuwa tumeona watu wa mashirika wafanyavyo, wale waendao vijijini na magari makubwa na karatasi za kujaza, tukadhani huo ndio ustaarabu wa kusaidia.

Risiti ilikuja, na picha ikaja. Baada ya hapo hapakuja neno kwa muda wa miezi saba. Krismasi ikapita bila salamu, jambo ambalo halikutokea hata wakati wa Amin.

Mama yetu ndiye aliyetushtaki. Alisema, "Mmemfanya mtoto wa Mzee kuwa karani wenu." Akatuagiza twende wenyewe. Gari la abiria la Kampala halipo tena, basi tukapanda basi la usiku mpaka Malaba, tukavuka kwa miguu, na kufika Tororo si mbali. Tulikuwa tumeandaa maneno ya kuomba radhi, hayakuhitajika. Jogoo alichinjwa, tukala, tukaonyeshwa kaburi la Mzee, na siku ya pili mwanawe akatuuliza kwa upole kama na sisi tuna risiti ya miezi mitano ya shangazi. Tukanyamaza. Naye akacheka, akatupiga mgongoni. Wakati wa kuondoka alituletea gunia zima la karanga. Mke wetu wa nyumba hii akataka kukataa, akanong'ona, "Tutachukuaje kitu kwa watu hawa, na hali yao mnaiona?" Tulilichukua. Tulilibeba mpaka Nairobi, likatutoa jasho pale mpakani kwa sababu askari alidhani tunafanya biashara.

Mama alifariki mwaka 2023. Walikuja watu wanne kutoka Tororo, wakalala sakafuni pamoja na wengine, wakachota maji na kupika. Mweka hazina wa kamati ya mazishi alisoma katika daftari: jamaa wa Tororo, shilingi 200,000 za Uganda, yaani zaidi kidogo ya 7,000 zetu. Majirani wa Makadara walinyoosha shingo kutazama. Wako ndugu wa damu waliotoa mia tano.

Kwa hiyo tukirudi katika shauri la nguo kuukuu, sisi hatukubaliani nalo, na mkutanoni tutapiga kura ya kupinga. Wenye shauri hilo wana moyo mwema, twajua. Lakini wafikiri jambo hili. Mizigo itokayo Mombasa kwa reli mpya hufika Naivasha, huhamishiwa kwenye reli ya zamani, na pale Malaba mtu wetu hulifungua behewa na mtu wa Uganda hulipokea. Kazi ni moja, chuma ni kile kile, hatari ya kukatwa vidole ni ile ile, ila mishahara haifanani. Je, watu hawa wawili wakikutana, mmoja akiwa amevaa shati la zamani la mwingine, watazungumzaje habari za mishahara? Yule aliyevaa shati atawezaje kumwambia mwenzake, "Ndugu, hapa ninyi mmekosea"? Na siku mwajiri wetu atakapotuambia kwamba ng'ambo ile wako watu wa kufanya kazi hii kwa bei rahisi, tutamwendea nani tushauriane naye?

Sisi twataka jambo gumu zaidi kuliko kukusanya nguo. Tawi letu liwaalike wenzetu wawili au watatu wa Tororo na Malaba waje katika mkutano wetu mkuu, wasimame waseme wanalipwa nini, wanafanya kazi saa ngapi, na wanatuona vipi sisi. Wasilale hotelini. Wagawiwe katika nyumba za wanachama, Makongeni, Mbotela, Hamza, hata kwetu ipo nafasi. Wakati wa kurudi wabebe wanachopewa, na wakija na kitu kipokewe kwa mikono miwili. Mwaka ufuatao twende sisi. Nauli ni ghali, tumeipiga hesabu, lakini si ghali kushinda magunia ya nguo na gari la kuyabeba na ushuru wa mpakani.

Tena wanachama wasidhani kwamba tunasema mtu asisaidie. Rafiki akiwa na njaa apewe chakula, na akikosa karo apewe karo kama ipo, na kama haipo aambiwe haipo. Sisi tumewaambia watu wa Tororo mara nyingi kwamba haipo, nao hawakukasirika. Walikasirika siku tulipowapa na kuwauliza wamekifanyia nini.

Na wewe ndugu yetu uliyetuuliza wakati wa chai, viatu vya watoto ni kweli vimechakaa, umeona sawa. Tutanunua vingine mshahara ukitoka. Yule msichana wa ndizi amemaliza mtihani wake, naye atakuja kwetu Desemba kukaa mwezi mmoja, atalala na binti zetu katika chumba cha nyuma. Amepiga simu kuuliza alete nini. Tumemwambia karanga, nawe ukipita nyumbani utapata za kutafuna na chai.

Sisi wa nyumba moja ya reli,
Makadara.